Usiku wa unajimu au usiku wa falaki?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi na wenzangu huweka darubini uwanjani hapa South B, watu wa mtaa wakachungulia mashimo ya Mwezi na pete za Zohali bila malipo. Juzi tulibandika tangazo: "Karibuni Usiku wa Unajimu. Njooni muone nyota Zohali." Walikuja wengi, ila mama mmoja alipanga foleni nusu saa, na alipofika mbele akanitajia tarehe yake ya kuzaliwa, akangoja. Tulikosea neno? – Mpenda anga, Nairobi

JIBU: Hamkukosea sana. Mlichagua neno lenye kazi mbili, na mama akaitikia ile anayoijua. Nairobi habari za nyota ziko kwenye nguzo za stima kuliko angani: mganga kutoka mbali, hurudisha mpenzi, husafisha nyota, namba ya simu hapo chini. Mlitaka asome nini?

Unajimu limetokana na Kiarabu najm, yaani nyota. Zamani mnajimu alikuwa mjuzi wa nyota tu, azitazame kwa ajili ya majira au kwa ajili ya bahati ya mtu. Mpaka haukuwapo, wala si kwetu peke yetu. Johannes Kepler, aliyegundua kwamba sayari hulizunguka Jua kwa njia ya duaradufu, naye aliwatabiria watu kwa nyota ili apate riziki. Siku hizi neno limeelemea upande mmoja. Anayekwambia wiki hii utapata pesa ndiye mnajimu, na sioni dalili ya kurudi nyuma.

Kwa sayansi, tumieni falaki. Asili yake ni falak, njia ya nyota angani, na tangu hapo ni neno la hesabu: Pwani, wanaokokotoa nyakati za sala na kuandama kwa mwezi huiita kazi yao elimu ya falaki. Lipimeni kwenye sentensi: "Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikawapa wanafalaki habari za miale ya eksirei angani." Wekeni "wanajimu" hapo, msomaji atadhani Marekani ilirusha setilaiti kutafutia watu wachumba.

Lakini na falaki lina jambo lake. Kamusi za zamani zina "kupiga falaki", maana yake kuagua kwa nyota, kama vile kupiga ramli. Basi angalieni kitenzi: falaki husomwa, hufundishwa, hufanyiwa utafiti. Ikipigwa tu, mmerudi kwa mganga. Wapo wanaokwepa yote kwa kusema astronomia. Silikatai, ila sioni sababu ya kukopa upya wakati ghalani kimo.

Kuhusu "nyota Zohali": Zohali ni sayari, kama Zuhura, Mirihi na Mshtarii. Haina nuru yake, huakisi ya Jua, na jina sayari lenyewe lina maana ya mwenda safari, kwa kuwa huonekana ikihama kati ya nyota. Kwenye tangazo la watu wa darubini, hilo lirekebisheni. Bibi anayeiita Zuhura nyota ya alfajiri mwacheni, jina lake ni kongwe kuliko darubini zenu. Na mkipata usiku usio na mawingu, muulizeni habari za Kilimia, kile kishada cha nyota kilichopewa jina kwa sababu ya kulima. Wazee walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Huo si utabiri wa bahati ya mtu. Ni kalenda ya shamba.

Mngeniuliza mimi, tangazo lisingekuwa na unajimu wala falaki. Ningeandika: "Njooni tutazame Mwezi na Zohali kwa darubini." Mtu wa South B anajua darubini ni nini, na hakuna anayeileta kusafishia nyota.

Mama akirudi, msimfukuze na tarehe yake. Mwonyesheni Zohali, kisha mwambieni huchukua miaka 29 hivi kulizunguka Jua mara moja. Akiwa na miaka 59, kwa hesabu ya huko ametimiza miwili.