Kwa wewe unayeanza kazi ya kuongoza karaoke baa

Kabla hujauliza mashine inawashwaje, uliza nani anailipia. Kule Japani, alikotengeneza Daisuke Inoue mashine yake mwaka 1971, watu hukodi chumba kwa saa wakaimba kwa hela yao. Hapa kwetu Sinza, Dar es Salaam, kuingia bure, kuimba bure, na posho yako inatoka kwenye kreti za vinywaji zilizouzwa. Ndiyo maana saa nne usiku meneja atakunong'oneza: "Ile meza ya kona, watu wanne, maji makubwa mawili. Usiwape nyimbo."

Mimi nilitii, tena nikajifanya mcheshi. Nikatangaza kwenye maiki kwamba meza ya kona waagize kwanza, koo halilainiki kwa maji. Baa nzima ikacheka. Kijana wa meza ile aliyekuwa anasubiri zamu akaja kuchukua kikaratasi chake cha wimbo, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni. Wote wanne wakaondoka. Punde meza ya jirani, watu saba na chupa zimejaa hadi pembeni, wakaita bili. Kumbe ni wafanyakazi wenzao. Meneja hakunisemesha mpaka tunafunga.

Tangu hapo kuuza namwachia mhudumu. Vikaratasi vya nyimbo anatembea navyo yeye, anayetaka kuimba anamwita, anaandika jina, wimbo na namba ya meza, na papo hapo anaulizwa, "Niwaletee nini?" Kusema "bado kwanza" mara moja ni rahisi, mara ya tatu mtu mwenyewe anaona aibu, na hakuna aliyemwaibisha. Kama baa ina sharti la kinywaji kimoja kwa wimbo, libandikwe mlangoni, mtu alisome kabla hajavuta kiti. Na soda ihesabiwe. Kuna asiyegusa pombe kwa dini yake, kuna anayeendesha, kuna aliye kwenye dozi, na hakuna anayepaswa kukueleza.

Anayenikera mimi si wa maji, ni wa mkoba. Viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipigwa marufuku Machi 2017, sasa wanaingia na vichupa: soda moja, inajazwa chini ya meza, hadi saa saba haijaisha. Huyo mwonyeshe meneja kwa jicho, wewe endelea na kazi.

Foleni iende kwa mzunguko, kila mtu wimbo mmoja kwanza. Wimbo wa dakika 4, ukiongeza kupokezana maiki, saa moja inabeba kama 12 tu. Mwenye rhumba ya dakika 10 na sebene lake muimbishe mapema, kabla watu hawajajaa. Bosi akikuchomekea elfu kumi aruke foleni, mrudishie huku unacheka, mwambie amnunulie bia aliye mbele yake wabadilishane zamu. Kaunta imeuza, na wewe hujala rushwa. Anayegongagonga maiki au kuielekezea spika hadi ipige miluzi, mshike mkono umgeuze taratibu, usimkaripie.

Na usidharau wanaoatamia chupa. Tunaye mmoja, soda moja ya Stoney usiku kucha, barafu ikiyeyuka anaomba nyingine ya bure. Lakini akiimba, watu waliokwisha kushika funguo za gari wanakaa tena. Jina lake siliiti mapema. Nasubiri saa sita na nusu, nikiona meza mbili tatu zinatafuta mhudumu wa bili.