Taa ya injini ikiwaka, andika namba kwanza

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa natoka Mtwara kwenda Masasi. Nimeshaipita Mtama, taa ya injini ikawaka. Gari likiwa kwenye mwendo halina neno, ila nikisimama injini inatetemeka. Nilipofika nikaingia gereji. Fundi akachomeka mashine, akatazama kidogo, akasema, "Sensa ya oksijeni imekufa, bosi," akafuta kodi, yaani namba ya kosa iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Nikanunua sensa hiyo, kile kipimo cha oksijeni kwenye moshi wa injini, ikafungwa. Siku ya pili taa ikarudi.

Kosa langu ni kwamba sikuiomba ile namba. Nikanunua kifaa kidogo cha kusomea, kile cha bluetooth kinachoongea na simu. Tundu lake lina pini 16 na huwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka, washa swichi, fungua programu, soma. Kodi yangu ilikuwa P0171.

Herufi P ni injini na giaboksi. Sifuri inayofuata ni kodi ya jumla, isiyo ya kampuni moja. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Haisemi sensa imekufa! Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, nami nikaenda kumfukuza mtoa taarifa.

Programu hiyo hiyo inaonyesha kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi. Yangu injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ilizidi 20. Nikikanyaga mafuta inashuka karibu na sifuri. Hapo utafute hewa inayoingia kwa wizi baada ya throto, ule mlango wa hewa ya injini. Nikainama na tochi ya simu, nikapapasa mpira mmoja baada ya mwingine. Kimpira cha PCV, kinachorudisha mvuke wa injini ukaunguzwe tena, kilikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, upande wa chini usioonekana. Nikaubana kwa kidole, injini ikatulia pale pale. Kimpira hicho hakifiki hata robo ya bei ya sensa niliyonunua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla mtu hajafuta chochote, piga picha kodi zote. Piga na kumbukumbu ya wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto, mzunguko wa injini. Ukifuta, hiyo nayo inaondoka. Kuchomoa betri ili taa izime ni kufuta vilevile.

Sisi wa pwani tuna jambo letu la ziada. Hewa ya Mikindani na Lindi ina chumvi, na soketi za sensa hushika kutu ya kijani. Kodi ikitaja sensa, chomoa soketi yake uitazame kwanza, na waya wa ethi (unaounganisha umeme na bodi ya gari) pia, ndipo ufikirie duka la spea.

Taa ikiwaka bila kupepesa, unaweza kufika nyumbani taratibu kama joto na oili viko sawa. Ikipepesa, injini inamisi, yaani petroli haiwaki sawasawa, kiasi cha kuunguza katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Punguza mwendo, tafuta mahali salama usimame.

Magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mengine yana tundu lile lile lakini hayaelewani na vifaa vya bei nafuu. Jaribu kifaa kwenye gari lako kabla hujakilipia.

Na ukienda kununua gari la mkononi, nenda nacho. Ukikuta hakuna kodi hata moja lakini majaribio ya ndani ya kompyuta yanasoma "hayajakamilika", muulize muuzaji lini kodi zilifutwa au betri ilichomolewa, na uombe kuliendesha siku nzima kabla ya kutoa hela.