Tatuu ya Sindano ya Mkono Juu ya Kovu la Upasuaji: Je, Wino Uchanganywe na Majivu?

Swali: Miezi minane iliyopita nilijifungua kwa upasuaji, na mtoto wangu hakuishi. Nimeamua kuchorwa tatuu ndogo ya tawi juu ya kovu, si kwa urembo, bali kama ibada yangu ya kumuaga na ya kuupokea tena mwili wangu. Ningependa nichorwe kwa sindano ya mkono bila mashine, nikiwa nimefunga na nikisali. Barua niliyomwandikia mtoto nimeichoma, na natamani majivu yake kidogo yachanganywe na wino. Je, kovu hushika wino? Sindano inapaswa kuingia kina gani? Na majivu hayo yana madhara?

Jibu: Pole sana, dada, kwa msiba wa mtoto. Nitakujibu nikiwa mchoraji ambaye sehemu kubwa ya kazi yangu ni juu ya makovu, na nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye hatari zaidi: tafadhali usiruhusu majivu hayo yaingie kwenye wino.

Wino haukai ngozini kama rangi ikaavyo ukutani. Sindano inapotoboa, mwili huziona chembe za wino kuwa ni wavamizi, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huzimeza. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba seli hizo zinapokufa huziachia chembe zile na seli nyingine huzimeza tena mahali palepale. Ndivyo mchoro unavyodumu ilhali seli zinazoubeba zinapokezana. Chembe nyingine husafiri hadi kwenye tezi za limfu. Maana yake ni kwamba chochote kinachotiwa ngozini kitakuwa mikononi mwa kinga yako ya mwili maisha yako yote. Wino mweusi uliotengenezwa kwa ajili ya tatuu kwa kawaida ni kaboni iliyosagwa laini mno, wakati majivu ya karatasi ni mabaki ya madini ambayo kiwanda kiliyajaza kwenye karatasi, kama vile chokaa na udongo mweupe, yakiwa yamechanganyika na mabaki ya wino wa kalamu, tena kwa punje zisizolingana. Punje ambayo seli imeshindwa kuimeza huweza kuzungushiwa kinundu kigumu, na kinundu hicho huweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye. Ni kweli kwamba moto huua vijidudu, lakini majivu huanza kuchafuka tena mara yanapopoa, na kuyachoma upya hakuyaondoi madini.

Huenda ukaambiwa kwamba watu wa kale walitumia kilichotoka motoni, na hilo ni kweli. Ötzi, mtu aliyekutwa ameganda barafuni kwenye milima ya Alps mwaka 1991, aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, na mwili wake una alama 61 za tatuu ya kaboni, nyingi zikiwa kiunoni, magotini na kwenye vifundo vya miguu, mahali ambapo mifupa yake ilionyesha kuchakaa. Watafiti kadhaa wanaamini kwamba alama hizo zilikuwa tiba, kwa hiyo nia yako si jambo la ajabu wala la kisasa. Hata hivyo, yale yalikuwa masizi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni, nayo ni kitu tofauti kabisa na majivu ya karatasi. Wateja wangu waliokuwa na ombi kama lako huyaweka majivu ndani ya chombo chenye kifuniko na kukishika mkononi muda wote wa kuchorwa, kisha huyazika au huyahifadhi kama dhamiri zao zinavyowaelekeza. Kwa maoni yangu, hapo ibada haijapungukiwa na kitu.

Sasa kuhusu kovu. Miezi minane ni mapema. Kovu la upasuaji huendelea kujijenga kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Fumba macho ulipapase, kisha ulitazame: likiwa bado limeinuka, linawasha, linauma ukiligusa, au rangi yake bado inabadilika, halijawa tayari. Kovu lililokomaa huwa limelala, ni laini, na halina tena mabadiliko. Hata likikomaa, nyuzi zake za kolajeni, yaani protini inayoijenga ngozi, zimebanana na kuelekea upande mmoja, tofauti na ngozi nzima ambayo nyuzi zake zimesukana, na kwa sababu hiyo wino huweza kukataa kushika sehemu moja na kusambaa kupita kiasi sehemu ya pili yake. Mstari mwembamba ndio unaoumbuka kwanza; nukta na vivuli huvumilia.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, nami naona ndilo linalopaswa kuamua pa kuchora. Ukijaliwa mimba nyingine na ukahitaji upasuaji tena, kwa kawaida daktari hupasua kwenye kovu lilelile, na tawi lako litakatwa katikati. Isitoshe, kovu hilo mara nyingi hukaa kwenye mkunjo wa tumbo, mahali penye jasho na msuguano wa nguo, ambapo kidonda hupona kwa shida. Ningekuwa mimi, tawi ningelipitisha upana wa kidole au viwili juu ya kovu, likilifuata kovu bila kulikanyaga, na mchoraji akafanya kazi kwenye ngozi nzima.

Sindano ya mkono ni chaguo zuri kwa nia uliyo nayo. Mashine hutoboa makumi ya mara kwa sekunde. Mkono hutoboa nukta moja, ukatulia, ukatoboa nyingine, na mchoraji mzoefu huhisi ngozi ikiishika ncha kidogo na kuiachia kwa mlio mdogo sana inapotoka. Mwendo huo hukuwezesha kusali kwa mfululizo bila ngurumo sikioni. Kina kinachotakiwa ni kilekile cha mashine, yaani kati ya milimita 1 na 2. Wino ukiishia ngozi ya juu utapukutika pamoja nayo katika wiki chache. Ukipita chini mno utasambaa kwenye mafuta na kuacha ukungu wa bluu kandokando ya mstari. Utaratibu wa mkono hauondoi masharti ya usafi hata kidogo: sindano iliyofungwa kiwandani ifunguliwe mbele yako na itupwe baada ya kazi, wino umiminwe kwenye kikombe chako peke yako, na glavu zibadilishwe, kwa kuwa homa ya ini aina ya B na C huambukizwa kwa damu kidogo sana.

Kufunga nakuomba ukutenganishe na saa ya kuchorwa. Mtu mwenye njaa na kiu huzirai kwa urahisi sindano inapoanza, hasa mchoro wa mkono unapochukua saa kadhaa. Funga siku iliyotangulia, au panga kuchorwa baada ya kufungua na kula. Ubani ufukizwe kabla, kisha chumba kipitishe hewa ndipo vifaa vifunguliwe. Mafuta ya kuombewa yapakwe kwenye paji la uso au mikononi, si tumboni, mpaka ngozi itakapokuwa imefunga kabisa. Sharti hilohilo linahusu kuzamishwa katika maji: subiri wiki tatu au nne.

Iwapo wewe au ndugu zako wa damu huota keloidi, yaani makovu yanayovimba kupita mipaka ya jeraha, mwone daktari wa ngozi kabla ya lolote. Hata kama hakuna historia hiyo, mwombe mchoraji aweke nukta tatu au nne za majaribio mahali ambapo tawi litaanzia, kisha mngoje angalau miezi mitatu, maana keloidi huchelewa kujionyesha. Nukta hizo ukiziweka kovu likitimiza mwaka, utakuwa umetumia vizuri muda wa kungoja, na zikikaa shwari zitakuwa sehemu ya tawi lenyewe.