Hesabu ianze na safari ya kurudi

Mhariri,

Swali lenu la wiki linasema: virusi vipya vimezuka, tiketi ya ndege iko mkononi, je, msafiri apande au aahirishe? Nadhani wengi wetu hukimbilia kulijibu kwa kukitazama kiti cha ndege, yaani kwa kujiuliza kama hewa ya mle ndani ni salama na kama jirani atakohoa. Mimi nililijibu hivyo mwanzoni mwa Machi 2020, na katika suala la hewa sikukosea. Nilikosea kwa kuwa nilipiga hesabu ya kwenda, ya kurudi sikuipiga.

Nilikuwa nimealikwa kwenye mafunzo ya siku 5 katika nchi ambayo sikuwa na ndugu wala rafiki. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutangaza dharura ya kimataifa tangu tarehe 30 Januari, lakini mipaka mingi ilikuwa bado wazi na ndege zilikuwa zinaruka. Nilichagua kiti cha dirishani, nikavaa barakoa safari nzima, nikafuta meza ya kiti kwa vitambaa vyenye dawa mpaka jirani yangu akaniomba kimoja. Nilifika mzima na nikabaki mzima. Siku ya nne, tukiwa darasani, uliingia kwenye simu yangu ujumbe wa mistari miwili kutoka shirika la ndege: safari yako imefutwa, utajulishwa. Nilijulishwa baada ya wiki 7.

Katika wiki hizo kilichonitesa hakikuwa kirusi. Nilikuwa nimebeba vidonge vya shinikizo la damu vya siku 10, nami nikijiona mtu wa tahadhari kwa kuwa nilizidisha mara mbili ya mahitaji. Jioni moja nilivimwaga juu ya karatasi nyeupe mezani, nikavihesabu, vikawa vinne, nikachukua wembe na kuanza kuvikata nusu. Cha kwanza kilikatika vizuri. Cha pili kilisambaratika kikawa unga, nikaukusanya kwa ncha ya kidole ili usipotee. Daktari wangu, nilipompata kwa simu siku mbili baadaye, alifoka: vidonge vya aina ile vimetengenezwa ili viachie dawa polepole kwa siku nzima, na ukivikata, dawa huingia mwilini kwa mkupuo. Alinielekeza nimwone daktari wa pale, nikaandikiwa dawa nyingine, jambo likaisha. Lakini tangu siku ile, mtu akiniomba ushauri kuhusu safari wakati wa mlipuko, simuulizi kwanza atakaa kiti gani. Namuuliza: ukikwama huko miezi 2, utaishije? Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ila wao walikuwa na uhakika wa marejeo ambao msafiri wa ndege, mipaka inapoanza kufungwa, hana.

Hata hivyo, hewa ya ndegeni nayo haifai kupuuzwa, maana inazungumzwa sana na inaeleweka kidogo. Ndege ikiwa angani na mitambo yake inafanya kazi, hewa ya chumba cha abiria hubadilishwa takriban mara 20 hadi 30 kwa saa. Karibu nusu yake ni hewa ya nje, na nusu nyingine hurudishwa baada ya kupita kwenye vichujio vinavyonasa zaidi ya asilimia 99.9 ya chembechembe ndogo. Tena hewa hiyo haitiririki kutoka mbele hadi nyuma ikibeba kikohozi cha kila mtu, bali hushuka kutoka darini na kutolewa karibu na sakafu, safu kwa safu. Vyumba vichache tunavyoketi kila siku vina hewa nzuri kiasi hicho. Ubaya wake ni kwamba mitambo hiyo haimzuii aliyeketi bega kwa bega nawe asikupumulie usoni kwa saa 10, na kwamba mitambo hiyo huweza kuzimwa.

Kuhusu kuzimwa, kisa kinachofahamika sana ni cha Alaska mwaka 1977. Ndege yenye watu 54 ilikwama uwanjani kwa saa kadhaa baada ya injini kupata hitilafu, mfumo wa hewa ukiwa haufanyi kazi, na ndani yake mlikuwa na abiria mmoja mwenye homa kali ya mafua. Ndani ya siku 3, asilimia 72 ya waliokuwamo walikuwa wameugua. Kuhusu ujirani, tunavyo visa viwili. Tarehe 15 Machi 2003, katika safari ya saa 3 hivi kutoka Hong Kong kwenda Beijing, mgonjwa mmoja wa SARS, ugonjwa mkali wa mapafu uliokuwa umezuka wakati ule, anaaminika kuwaambukiza watu 22 kati ya 120 waliokuwa ndegeni. Walioketi safu za mbele yake jirani ndio walioathirika zaidi, ingawa wengine walikuwa mbali hadi safu 7. Tarehe 1 Machi 2020, kutoka London kwenda Hanoi, abiria mmoja mwenye dalili za korona aliyeketi daraja la biashara, wakati ambapo barakoa hazikuwa za lazima, alihusishwa na maambukizi ya watu 15, na 12 kati yao walikuwa daraja lilelile. Walilipa zaidi ili wakae kwa nafasi, na nafasi haikuwasaidia.

Kwa hiyo ndege inayoruka ina hewa njema, ndege iliyosimama uwanjani milango ikiwa imefungwa haina uhakika huo, na katika zote mbili jirani mgonjwa hubaki kuwa jirani mgonjwa. Barakoa inayobana vizuri ina maana zaidi wakati wa kupanda na kushuka, pale watu wanaposukumana na mabegi, kuliko katikati ya safari. Na wakati huohuo wa kupanda na kushuka ndipo wengi huivua ili wapumue kidogo.

Tena safari haianzii kwenye kiti. Marekani ilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba inawazuia wageni kutoka nchi nyingi za Ulaya, wananchi wake waliokuwa huko walikimbilia ndege za kwanza walizopata. Siku chache baadaye, katika uwanja wa O'Hare mjini Chicago, maelfu ya watu walisimama kwa saa nyingi katika kumbi za kuwasili, wamebanana, wakisubiri kukaguliwa kama wana maambukizi. Ukaguzi uliowekwa kwa ajili ya afya ulitengeneza msongamano ambao mtu wa afya asingeuruhusu hata kwa dakika 10. Mtu anayepima hatari ya safari kwa kufikiria saa za angani peke yake anasahau foleni hizo, basi la kupeleka abiria kwenye ndege, na chumba cha kusubiria ambacho mitambo yake ya hewa hakuna anayeisifia.

Linafuata suala la kirusi chenyewe, ambalo kwa bahati mbaya halipati jibu kamili katika wiki za mwanzo, nazo ndizo wiki za kuamua. Mimi huangalia mambo mawili tu: je, kinapita kwa pumzi, na je, mtu huambukiza kabla hajaanza kuugua? Ebola, kwa mfano, inatisha kuliko yote kwa kuisikia, lakini hupita kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na aliyeambukizwa haambukizi wengine kabla ya dalili. Kwa abiria wa kawaida, hatari ya kuipata ndegeni ni ndogo sana. Nchini Nigeria mwaka 2014, mgonjwa mmoja aliyeingia Lagos kwa ndege alizua mlolongo wa wagonjwa 20, yeye akiwa mmoja wao, nao ulikatwa kwa miezi michache kwa kuwafuatilia waliokutana naye, hasa kwa kuwa kila aliyekuwa hatari alikuwa anaonekana. SARS ilipita kwa pumzi, lakini mgonjwa wake aliambukiza zaidi akiwa amezidiwa, kwa kawaida tayari yuko hospitali, ndiyo maana iliweza kuzimwa kabisa kufikia Julai 2003. Korona ilipita kwa pumzi na ilisambazwa na watu waliojiona wazima. Ukisikia kwamba kirusi kipya kina sifa hizo mbili kwa pamoja, jua kwamba vipimajoto vya uwanjani havitakukinga wewe wala anayekupokea.

Sivibezi vipimajoto kwa chuki. Mwaka 2003 Kanada ilikagua mamilioni ya wasafiri katika viwanja vyake, na ukaguzi huo haukumnasa hata mgonjwa mmoja wa SARS. Vyeti navyo vina mipaka yake. Mwishoni mwa Novemba 2021, ndege mbili zilizotoka Afrika Kusini zilitua Amsterdam na abiria zaidi ya 600. Walipopimwa, 61 walikutwa na korona, ingawa sharti la kupanda lilikuwa kuwa na chanjo au cheti cha kutoambukizwa. Cheti cha kipimo ni habari ya juzi, nacho husomwa na mkaguzi kana kwamba ni habari ya leo.

Sasa nirudi kwenye mipaka, maana hapo ndipo watu wanapofanya makosa kama yangu. Wengi husubiri tangazo la Shirika la Afya Duniani kana kwamba ndilo litakalowaambia wasafiri au wasisafiri. Tangazo hilo lina uzito wake, lakini mara nyingi huambatana na ushauri wa kutofunga mipaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ebola Agosti 2014 na kwa korona Januari 2020, na mara zote mbili zipo serikali zilizofunga. Wa kumtazama ni waziri wa nchi unayokwenda, wa nchi unayorudi, na wa kila nchi ambako utabadilisha ndege. Huyo wa tatu ndiye husahauliwa. Safari ya moja kwa moja ina milango miwili inayoweza kufungwa. Safari ya kuunganisha ndege mara 2 ina milango minne, na mmoja ukifungwa unatosha kukuacha katikati, katika nchi ambayo hata viza yake huna. Tiketi ya moja kwa moja ikiwa ghali zaidi, wakati wa mlipuko unalipia jambo hilo.

Kuhusu fedha nitasema machache. Ukighairi mwenyewe kwa hofu, mara nyingi unabaki na masharti ya tiketi yako; shirika likighairi, haki zako huwa kubwa zaidi, na kwa safari zilizo chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2004 unaweza kudai nauli yako irudishwe ndani ya siku 7 badala ya kukubali vocha. Kwa hiyo aliyekwisha kuamua kutosafiri asikimbilie kubonyeza kitufe cha kughairi wiki 3 kabla, ilhali kuna kila dalili kwamba ndege yenyewe haitaruka. Bima nayo isomwe kabla ya kununuliwa, kwa sababu bima nyingi hazilipi tukio lililokuwa limekwisha kujulikana siku uliyokata.

Limebaki la watu wa upande wa pili, nalo kwangu ndilo zito. Mkutano, semina au mafunzo kama yale yangu yanaweza kungoja au kufanyika kwa simu, na sioni haja ya kulijadili. Lakini mwishoni mwa mwaka 2020, mama yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 74, alipangiwa upasuaji ambao usingeweza kuahirishwa, naye aliishi nchi nyingine na dada yangu peke yake. Safari hii hesabu niliianzia mwisho. Nilijiuliza kwanza nikikwama huko nitaishije, kisha nikiugua huko nani ataniuguza bila mama kuwa karibu, na la tatu, gumu kuliko yote, nikimwambukiza yeye wiki moja kabla ya kisu nitasema nini. Swali la kiti lilikuja la nne.

Nilikwenda. Nilipata ndege ya moja kwa moja, nikabeba vidonge vya siku 60 katika kasha lake la asili pamoja na barua ya daktari, nikafika siku 12 kabla ya upasuaji badala ya 2, na siku 8 za mwanzo nikalala katika chumba cha kupanga, nikapimwa mara mbili, ndipo nikaingia nyumbani kwa mama. Dada yangu aliona nimezidisha na akaniambia hivyo bila kuficha. Mama alisema niachwe nifanye ninavyoona. Tulizungumza kupitia dirishani jioni, yeye ndani na mimi uani, kila mmoja na kiti chake.

Upasuaji ulikwenda salama. Safari yangu ya kurudi ilisogezwa mara 2, jumla siku 9, kila mara kwa ujumbe uleule wa mistari miwili, na nilipofika kwangu lile kasha lilikuwa bado na vidonge 21, vyote vizima.