Kabla Hujamchukua Mbwa Kwenye Makao ya Wanyama

Mbwa aliyeokotwa barabarani ameshaachwa mara moja. Akirudishwa makaoni baada ya wiki mbili, ameachwa tena, na safari hii na watu aliokuwa ameanza kuwazoea. Sababu ninazozisikia kwa wanaorudisha ni zilezile: mwenye nyumba amekataa, mtoto ana pumu, dada wa kazi anaogopa mbwa, hakuna wa kumwachia Desemba watu wakienda ushago. Karibu zote zingeonekana mapema kama watu wa nyumba hiyo wangekaa chini na kuzungumza. Ndiyo maana nasema maandalizi ya kumchukua mbwa huanzia sebuleni kwenu, kabla ya kununua bakuli wala kola.

Mbwa wetu anaitwa Bosi, mbwa koko wa rangi ya udongo, na tulimtoa katika makao ya KSPCA, shirika la kuwalinda na kuwatunza wanyama, Nairobi. Tunaishi Rongai, kwenye ploti yenye nyumba kadhaa na geti moja, kwa hiyo mtu wa kwanza tuliyemwendea alikuwa mwenye ploti. Usitegemee neno la keateka, yaani mwangalizi wa ploti, peke yake, maana keateka hubadilika. Pata ruhusa ya mwenye nyumba, hata kama ni ujumbe wa simu tu, uuhifadhi. Kama unakaa ghorofani na hakuna uwanja, fikiria paka. Paka mzima aliyehasiwa huishi vizuri ndani ya nyumba akiwa na sanduku la mchanga, mahali pa kupanda na dirisha lenye wavu.

Kisha majirani. Jirani yetu wa mlango wa pili ni Mwislamu, na wengi wao hujihadhari na mate ya mbwa yasiguse nguo wanazoswalia. Tulibisha hodi kwake kabla mbwa hajaja, tukakubaliana kuwa Bosi hatafunguliwa nyakati anazotoka kwenda msikitini na kurudi. Mzee yule alifurahi kuulizwa, na hadi leo hatujawahi kukwaruzana. Watu wengi huchukia kushtukizwa kuliko wanavyomchukia mbwa.

Mtu ambaye familia nyingi humsahau ni yule anayeshinda nyumbani. Wewe unatoka alfajiri na kurudi usiku, dada ndiye atakayekaa na mbwa mchana kutwa, atakayemlisha na kufagia kinyesi chake. Kama hataki, usichukue mbwa. Sisi tulikwenda naye makaoni, na yeye ndiye aliyemwona Bosi, amejilaza nyuma kabisa huku wenzake wakirukia wavu.

Makaoni utaulizwa maswali mengi, na wakati mwingine mtu atakuja kuona kwako. “Mama, mchana nani yuko nyumbani? Ua lina matundu? Mbwa wenu wa kwanza alikufa na nini?” Kuna wanaoona wanapelelezwa, wakaondoka na hasira. Mimi nayaona kuwa maswali ya mtu anayempenda mnyama wake, na ukishindwa kuyajibu, hapo umeonyeshwa pa kuanzia. Nawe uliza yako: alifikaje hapa, amewahi kukaa na watoto, akiona paka hufanyaje, ana ugonjwa gani? Omba kumtoa kwenye kizimba na kutembea naye kidogo, kwa sababu mbwa anayebweka bila kukoma akiwa ndani ya wavu anaweza kuwa mpole kabisa akiwa nje.

Ushauri wangu kwa familia isiyowahi kufuga: chukua mbwa mzima. Watoto wa mbwa huchaguliwa upesi na wakubwa wanabaki, lakini mtoto wa mbwa anataka kulishwa mara tatu au nne kwa siku, anatafuna viatu, na anahitaji mlolongo wa chanjo kabla hajakanyaga nje kwa usalama. Ugonjwa unaonitisha zaidi hapo ni parvo, unaowashika watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu. Kirusi chake huishi kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama kuna mbwa aliyekufa kwa parvo katika ploti yenu, usilete mtoto wa mbwa ambaye chanjo zake hazijakamilika.

Dai kadi ya chanjo na uisome, hasa mstari wa kichaa cha mbwa na tarehe ya kurudia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, na 99% ya wanaoambukizwa huupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Wafundishe watoto: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, sema mara moja, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Uliza pia kama amehasiwa au kufungwa kizazi. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu, na watoto anaozaa ndio wale tunaowakuta kwenye majalala.

Nyumbani andaa kibanda kilichoinuka kidogo kutoka ardhini, mlango usiotazama mvua inakotokea. Zunguka ua ukitazama chini, kwa kimo cha mbwa, si kwa kimo chako. Kama mpango wako ni kumfunga mnyororo mchana na usiku awe kengele ya wezi, nakuomba uache. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kwa kila mtu, wakiwemo watoto wako.

Chakula anza na kile alichokuwa akila makaoni, kisha changanya taratibu na cha kwenu. Ugali mtupu haumtoshi, uchanganye na omena, matumbo au nyama iliyochemshwa bila vitunguu. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo. Wenye paka mjue hili: kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka, na dawa za kupe za mbwa zenye permethrin pia humdhuru vibaya. Mtafute daktari wa mifugo mapema, na mpange nani atalipa chanjo ya kila mwaka.

Siku za mwanzo ndizo zinazowavunja watu moyo. Bosi aliingia ndani akajibana nyuma ya mtungi wa gesi, hakugusa chakula mpaka taa zilipozimwa. Asubuhi dada alipochukua ufagio, alikojoa palepale alipokuwa amesimama. Hatukumvuta, hatukumkemea. Ufagio ukahamishiwa nyuma ya nyumba, na dada akaanza kukaa sakafuni na sufuria ya matumbo, akiangalia pembeni, mpaka mbwa akaja mwenyewe. Wazoefu huhesabu siku tatu za woga, wiki tatu za kujifunza ratiba na miezi mitatu ya kujisikia yuko kwao. Wengine huchukua zaidi. Usimwogeshe siku ya kwanza, usiwaite marafiki waje kumwona, usimfungue kamba nje ya geti, na umvishe kola yenye namba yako ya simu kabla hajashuka kwenye gari.

Na ikiwa baada ya kujitahidi kote mambo yamekataa kabisa, usimshushe sokoni usiku, wala usimkabidhi mtu usiyemjua. Mrudishe makaoni wewe mwenyewe, na kadi yake mkononi. Waeleze kila kitu: anaogopa nini, anapenda chakula gani, alimbwekea nani na wakati gani. Familia itakayomchukua baadaye itayahitaji maelezo hayo.