Skrini kubwa, picha iliyopauka

SWALI: Nimetenga chumba cha kutazamia filamu nyumbani, nikafunga projekta ya lumeni 2,000 na skrini nyeupe ya inchi 120. Jioni, taa ya pembeni ikiwa inawaka, picha huonekana imepauka na vivuli vyote huwa vya kijivu. Je, ninunue projekta ya lumeni 3,000, au skrini inayong'aa zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha tupige hesabu. Lumeni hupima mwanga wote unaotoka kwenye lenzi, ilhali jicho huona ule unaorudi kutoka katika kila sehemu ya skrini, nao hupimwa kwa niti. Skrini yako ina upana wa mita 2.66 na kimo cha mita 1.5, yaani takriban mita 4 za mraba. Gawanya lumeni kwa eneo hilo, kisha kwa 3.14, utapata niti 159 hivi. Hata tukikadiria kwamba mpangilio wa rangi za sinema umekula nusu ya lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, jambo lisilo la ajabu, utabaki na niti 80, wakati kiwango cha kumbi za sinema za kidijitali ni niti 48. Mwanga unao wa kutosha.

Ulichokosa ni weusi. Projekta hurusha mwanga tu, giza haina. Iache taa yako ya pembeni ikiwaka, zima projekta, kisha uitazame skrini: rangi uionayo hapo ndiyo nyeusi ya mwisho utakayoipata, na projekta ya lumeni 3,000 haitaibadilisha hata kidogo.

Skrini inayong'aa zaidi, tuseme yenye kipimo cha mng'ao (gain) cha 1.3, yaani inayorudisha katikati mwanga mara 1.3 ya skrini nyeupe ya kawaida, nayo haizalishi mwanga, bali humwongezea aliyeketi katikati kwa kuwapunguzia walio pembeni, na kwa chumba chenye viti vingi mimi nisingeichagua.

Anza kwa kuzima taa hiyo, au uifiche nyuma ya watazamaji isiimulike skrini. Kisha paka dari na kuta zilizo karibu na skrini rangi nyeusinyeusi isiyong'aa, kwa sababu dari jeupe huurudisha mwanga wa picha yenyewe juu ya vivuli vyake. Niti zilizozidi usizimalize kwa kutanua skrini: ikiwa projekta yako hutumia balbu, mwangaza wake utashuka hadi karibu nusu kadiri balbu inavyozeeka, na hapo kitakachohitaji kubadilishwa ni balbu, si projekta.