Posa ya Paris, Maneno ya Romeo

SWALI: Naandika insha ya kulinganisha Romeo na Paris katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo na Juliet. Nilisema Romeo ana mapenzi ya kweli, na Paris ni mwovu anayelazimisha ndoa. Mwalimu amenirudishia akisema sina ushahidi. Nimekosea wapi?

JIBU: Hapo kwenye neno "mwovu". Paris alipeleka posa kwa baba yake Juliet, waziwazi. Katika tendo la 1, onyesho la 2, mzee Capulet anamjibu kwamba binti hajatimiza miaka 14, asubiri viangazi viwili, na kwanza aupate moyo wa Juliet mwenyewe. Shika sharti hilo. Tybalt, binamu yake Juliet, akishauawa, Capulet huyo huyo anapanga harusi Alhamisi bila kumuuliza binti (tendo la 3, onyesho la 4). Anayelazimisha ni baba. Kosa la Paris ni kutamani Alhamisi ingekuwa kesho, ilhali sharti hajalitimiza: anakiri kwa Padri Laurence kwamba hajazungumza sana mapenzi na Juliet kwa sababu ya msiba.

Sasa weka mazungumzo mawili sambamba. Hapa ndipo insha yako itapata nguvu. Kwenye karamu (tendo la 1, onyesho la 5) Romeo na Juliet wanatunga soneti moja (shairi la mishororo 14) kwa kupokezana: Romeo mishororo 4, Juliet 4, kisha wanagawana 6 ya mwisho. Romeo anasema mahujaji, Juliet analipokea neno hilo na kulirudisha likiwa limekua. Kwa padri (tendo la 4, onyesho la 1) Paris na Juliet nao wanapokezana mshororo kwa mshororo, lakini Paris anamwita "mke wangu", naye Juliet anajibu kwamba huenda ikawa hivyo, siku atakapokuwa mke. Paris anamwambia kwamba uso wa Juliet ni mali yake yeye Paris. Kila jibu la Juliet ni mlango unaofungwa kwa adabu. Halafu angalia busu: la Romeo linakuja kwa lugha ya sala, na Paris anapoaga analiita lake takatifu. Neno ni lile lile; ridhaa ndiyo haipo.

Usimsafishe Romeo kupita kiasi. Tamthilia inapoanza anamlilia Rosaline, msichana aliyempenda kabla ya Juliet, ambaye hatumsikii akisema hata neno moja, na Padri anamsuta kwa kumgeukia Juliet haraka hivyo. Kwa Rosaline, Romeo alikuwa kama Paris: akimpenda mtu asiyempenda.

Tahadhari moja. Usitegemee sifa anazotoa yaya wa Juliet. Anamsifu Paris kwanza, baadaye anamsaidia Romeo aoe, na Romeo akishafukuzwa Verona anasema Romeo ni kitambaa cha kuoshea vyombo akilinganishwa na Paris. Ushahidi wake unafuata upepo.

Mwisho, soma vizuri tendo la 5, onyesho la 3. Paris anakuja usiku na maua kwenye kaburi alikolazwa Juliet, amefuatana na kijana wake tu, bila Capulet wa kumridhisha. Anapigana kwa kuamini Romeo amekuja kuwavunjia heshima maiti. Akikata roho anaomba alazwe karibu na Juliet, na Romeo, aliyemuua, anamwingiza kaburini kama alivyoomba.